Drive-in ya Msasani: nani hasa aliiua?

#1 Kitongoji
Wakuu, habari za wikendi.

Kuna vijana wanapita kila siku mbele ya ubalozi wa Marekani pale Msasani, Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, na hawajui ule uwanja ulikuwa nini kabla ya ukuta na kamera. Pale palikuwa Drive-in. Sinema ya kutazamia ndani ya gari, chini ya nyota. Ilifunguliwa 1966, shirika la maendeleo la NDC likiwa na mkono wake, enzi ambazo ukishavuka Daraja la Salenda unakutana na Oysterbay ya wakubwa, halafu kijiji cha wavuvi, minazi na giza.

Sasa hoja yangu. Ukiuliza nani aliua sinema za Dar, jibu ni lile lile: video, video. Kwa Empire na Avalon sibishi. Lakini Drive-in iliuawa na katazo la kuendesha magari Jumapili. Serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana ili kubana mafuta. Na Jumapili usiku ndiyo ilikuwa siku ya picha za Kihindi, siku ya mavuno. Sinema ya magari, siku ambayo magari hayaruhusiwi barabarani! Video ilipoingia ilikuta matanga yameshaanuliwa.

Wabishi karibuni. Mliokuwepo semeni.

#2 Chumvi Kidogo
Nimekaa siti ya mbele. Wazee mwagikeni.

#3 BintiUpanga
Kitongoji umenitoa machozi. Nyumbani kwetu Jumapili ilikuwa ikianza jikoni. Mama na shangazi wanakaanga kebabu na mihogo tangu mchana, chevda kwenye kopo la biskuti, chai kwenye chupa. Sisi wadogo tunaogeshwa, tunavalishwa kabisa nguo za kulalia, tunapakiwa nyuma na mkeka na mito. Picha ya Kihindi saa tatu nzima, nani angebaki macho? Tukifika mapema tunaachiwa tukimbie pale mbele chini ya skrini mpaka giza liingie.

Kitu ambacho watu husahau ni ile spika. Siyo redio ya gari jamani. Kila gari lilikuwa na nguzo yake pembeni, spika ya bati imening'inia, nzito, na waya mnene. Unashusha kioo, unaipachika kwa ndani, unapandisha kioo kiasi cha kuibana. Kitufe kimoja tu cha kuongeza na kupunguza sauti. Mbu wanapita pale pale kwenye mwanya, kwa hiyo dawa ya mbu ya kuzungusha inawashwa juu ya dashibodi, na usiku mzima unatazama Hema Malini kupitia moshi.

#4 Mzamiaji Mstaafu
Dada #3 nyie mlikuwa mnaingia kwa mkeka na mito, wengine tuliingia kwa buti la gari. Kiingilio kilikuwa kwa kichwa, siyo kwa gari. Kwa hiyo kabla ya kufika getini, kama kwenye minazi pale, gari inasimama, wawili wanahamia nyuma, tairi la akiba linapelekwa kwenye kiti cha abiria limefunikwa khanga. Mlinzi anamulika tochi, anahesabu watu wanne, kumbe tuko sita na tairi.

Shida inakuja mkishaingia. Dereva kaona rafiki zake, kaenda kusalimia, kasahau. Mnagonga mpaka mnachoka. Nimesikia nusu ya kwanza ya picha moja ya Dharmendra nikiwa gizani, nanusa petroli.

#5 Kijana wa Goba
#4 hiyo ni chai, tena ya rangi. Tairi limefunikwa khanga, mlinzi hakuona?

#6 Mzamiaji Mstaafu
Dogo, mlinzi aliona. Mlinzi naye alikuwa na watoto.

#7 Fundi Spika
Salaam. Naona mnalia na mafuta ya magari, hakuna anayezungumzia chumba cha mashine. Nimewahi kufanya kazi kwenye projekta, si pale ila mashine za aina ile ile, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Projekta za wakati ule ziliwaka kwa vijiti vya kaboni. Unasogeza vijiti viwili, moto unaruka katikati, ndiyo mwanga wako. Vinaungua huku vinatoa mwanga, kwa hiyo mtu anakaa pale anavisogeza, akizembea picha inakuwa ya njano halafu inazima. Sinema ya ndani skrini iko karibu, na ukuta ni mweusi, mwanga mdogo unatosha. Drive-in skrini iko mbali, kubwa, na kuna taa za barabara na mbalamwezi. Inataka moto mkali kuliko ya ndani, yaani vijiti vingi zaidi. Vijiti vinatoka nje, vinataka fedha za kigeni.

Ongeza spika. Kila gari spika yake, mamia ya spika, zote zimekaa nje mwaka mzima, mita chache kutoka baharini. Chumvi inakula bati, mvua ya masika inaloanisha karatasi ya ndani. Na wale mnaoondoka na spika bado imepachikwa kwenye kioo mnang'oa waya, mnajijua. Vipuri navyo vinatoka nje.

Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni za dawa, ije ipate za spika? Ndiyo iliyoua. Siyo Jumapili.

#8 Chumvi Kidogo
Fundi umeshusha nondo.

#9 Shangani
Assalaam alaykum. Watu wa bara mna mambo, mnatafuta muuaji Msasani na muuaji yuko ng'ambo ya maji anawatazama.

Sie Unguja tulipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyie bara mpaka 1994 ndiyo mnaona ITV. Katikati hapo, wenye uwezo Dar walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa, wakawa wanadaka TVZ usiku. Nani hao wenye uwezo? Si ndio hao hao wenye magari! Mwenye baiskeli hakuwa na televisheni, na mwenye baiskeli hakuwa mteja wa Drive-in. Halafu jamaa zetu walioko Oman na Dubai wakaanza kuleta deki na kaseti kwenye mizigo yao, picha ya Amitabh unaiona sebuleni kabla haijafika sinema. Drive-in ilipoteza wateja wake wale wale, mmoja mmoja, na wala hapakuwa na tangazo la serikali.

#10 Mpiga Hesabu
Kitongoji, hoja yako nzuri ila ina tundu. Katazo la Jumapili lilikuwa baada ya saa 8 mchana, Jumapili tu. Jumamosi je? Ijumaa? Kwa nini wasihamishe picha ya Kihindi iwe Jumamosi? Biashara inayokufa kwa kukosa siku moja kati ya saba ilikuwa inaumwa zamani.

Pili, sinema za mjini hazikutegemea gari. Empress pale Samora, New Chox pale Nkrumah, watu walienda kwa miguu au kwa basi la UDA. Hazikuguswa na katazo. Mbona nazo zilikufa? Ugonjwa uliowaua wote lazima uwe mmoja.

#11 Kitongoji
Mkuu #10, "lazima uwe mmoja" umeitoa wapi? Mtaa mzima ukifa, mmoja kafa kwa malaria, mwingine kagongwa na gari.

Kuhusu Jumamosi: Jumamosi kulikuwa na harusi, kulikuwa na muziki wa dansi, na wengi walifanya kazi mpaka mchana. Jumapili haikuwa siku tu, ilikuwa desturi. Muulize #3, angekaanga kebabu Jumamosi?

#12 BintiUpanga
Jumamosi tulikuwa tunaenda kutembea baharini, kwa hiyo hapana 😄

Ila nina swali. Ninavyokumbuka, baba alipewa kibali cha gari kwa sababu ya kazi yake, Jumapili alikuwa anatembea. Na bado tuliacha kwenda. Sijui mnaiwekaje hiyo.

#13 Mzee Kitabu
Vijana shikamooni kwa zamu, nitaitikia baadaye.

Mmeruka sura nzima. Mambo yalianza kubadilika mapema kuliko mafuta. 1967 Azimio la Arusha. 1968 ikaundwa TFC, Tanzania Film Company, ikachukua uagizaji na usambazaji wa picha. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Watu waliojenga sinema nchi hii wengi walikuwa na majengo mengine ya kupangisha. Wamepokonywa, wameondoka, wengine Canada, wengine Uingereza. Pamoja nao wameondoka watazamaji, wale wa kebabu na chevda wa #3.

Drive-in ikabaki na uwanja uleule na skrini ileile, ila Upanga yake, mtaa wa Wahindi, ilikuwa imepungua. Halafu picha nzuri zikaanza kuwa za kungojea, picha moja inazungushwa nchi nzima mpaka mikwaruzo inaonekana kama mvua inanyesha ndani ya nyumba. Baada ya hapo ndiyo tuanze kuzungumza mafuta na spika.

#14 Mwana Msasani
Mzee #13 shikamoo. Lakini naona mnaongea kama Drive-in ilikuwa ya Wahindi na wakubwa tu. Mimi ni mzaliwa wa Msasani kijijini. Jumapili zilikuja pikapu za Datsun zimejaza watu mpaka wanakaa ukingoni, zilikuja Landrover za ofisi ambazo hazikupaswa kuwa pale, lilikuja lori la mchanga limetandikwa majamvi ukoo mzima umepanda. Wote watu weusi kama mimi. Watu wa Ilala, Temeke, Magomeni. Wakichanga mafuta wanakodi gari moja wanajaa.

Na sisi wa kijijini tulikuwa na siti zetu. Juu ya minazi na mikorosho, nje ya uzio. Picha unaiona safi kabisa, sauti ndiyo huna. Basi kila mti una msemaji wake. Kulikuwa na kaka mmoja, yeye ndiye akisema maneno ya steringi, mwingine anasema ya adui, mwanamke akitokea wote wanagombania. Picha ya Bruce Lee haikuwa na shida, ngumi haihitaji sauti. Ya Kihindi ndiyo ilikuwa kazi, wimbo ukianza tunaimba taarab.

Siku niliyokuja kuona picha ile ile mjini, na sauti, nilishangaa kuwa yule mzee mwenye ndevu si adui. Kumbe alikuwa baba mkwe.

#15 Kijana wa Goba
😂😂😂 #14 umeua. Hii naikubali, siyo chai.

#16 Dada Salenda
Nimecheka nimemwaga maji. Baba mkwe kapigwa miluzi ya uadui miaka yote.

#17 NgaraMtaani
Niaje wadau wa Bongo. Mimi wa Nairobi, nimeletwa hapa na rafiki.

Niongezee tu kitu kimoja kwa hiyo kesi. Hapa kwetu tulikuwa na drive-in mbili zenye jina: Fox kule Thika Road, na Belle Vue kule South C upande wa Mombasa Road. Sisi hatukufungiwa magari Jumapili. Hatukupokonywa majengo. Televisheni tulikuwa nayo tangu uhuru ukikaribia. Na bado zote mbili ziliisha. Kwa hiyo Azimio, Jumapili, TFC, zote hizo weka kando kidogo. Kwetu wote wanakwambia ni shamba. Drive-in inakula ardhi kubwa sana ambayo mchana kutwa haifanyi kazi yoyote. Mji ukiifikia, hesabu inakataa.

#18 Mpiga Hesabu
#17 asante sana. Ndiyo nilichokuwa natafuta. Ugonjwa mmoja huo hapo: ardhi.

#19 Fundi Spika
Ardhi gani? Miaka ya themanini mwanzoni nani alikuwa ananunua kiwanja Msasani kwa bei ya kuua sinema? Kulikuwa na soko la ardhi wakati ule? Mkuu usivae kofia ya Nairobi kwenye kichwa cha Dar. Msasani bei ilipanda baadaye, baada ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, kufungua milango. Sinema ilikuwa hoi tayari.

#20 Jicho la Tatu
Nyote mmepotea. Fuateni aliyefaidika. Nani yuko pale leo? Mmarekani. Alihitaji kiwanja, sinema ikafungwa. Mengine hadithi.

#21 Mzee Kitabu
#20 mwanangu, panga tarehe zako vizuri. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ukiwa Laibon Road, jengo ambalo Waisraeli walilitumia kabla. Watu 11 walikufa pale Dar, siku hiyo hiyo na Nairobi. Mpaka asubuhi ile Wamarekani hawakuwa wanatafuta kiwanja Msasani. Jengo jipya lilifunguliwa 2003. Video ilikuwa imeshajaa mitaani miaka mingi kabla ya hapo, na ITV ilishatimiza miaka kadhaa.

Kwa nini pale? Hilo linaeleweka kirahisi. Baada ya 1998 walitunga sheria yao ya 1999 kwamba balozi mpya ziwe mbali na ukuta wa nje kwa futi 100, karibu mita 30, kila upande. Katikati ya mji hupati kipande kama hicho bila kubomoa nyumba za watu. Uwanja uliotengenezwa kuegesha mamia ya magari, kipande kimoja, barabarani kabisa, ulikuwa kama umetayarishwa. Sinema ilihitaji giza na nafasi, ubalozi ulihitaji nafasi.

#22 Jicho la Tatu
Mzee tarehe nimezielewa. Bado nasema fuateni aliyefaidika.

#23 Chumvi Kidogo
Jicho la Tatu ukiulizwa nani kala ugali utasema CIA.

#24 NgaraMtaani
😂😂 Na hapo #21 pia amejibu #19. Ona vile kiwanja ndicho kilichoamua mwisho wa yote.

#25 Fundi Spika
Kiliamua nani azike. Hakikuamua nani aue.

#26 Shangani
Hebu niwaambie habari ya Majestic yetu, mtajifunza. Pale Vuga palikuwa na Royal, imejengwa 1921, ramani ya Sinclair, yule yule mwingereza aliyejaza majengo ya kuba Unguja. Ikaungua 1954. Mwaka uliofuata ikasimama Majestic mahali pale pale. Yaani sinema iliungua moto, watu wakaijenga upya haraka hivyo, kwa sababu watazamaji walikuwepo wakisubiri! Siku ya Idi maonesho yalianza asubuhi mpaka usiku, watoto na vishilingi vyao mkononi. Palikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, bibi zetu wakienda na mabuibui wanalia pamoja na Nargis.

Sasa nambieni, Majestic haikuhitaji petroli. Haikuhitaji kiwanja kikubwa. Spika zake hazikulala nje. Mbona nayo imenyamaza? Kwa hiyo fundi, Kitongoji, na yule wa Nairobi, nyote watatu jibuni hilo.

#27 Kitongoji
Shangani, Majestic ni kesi yenu. Fungua uzi wako tutakuja na visheti.

#28 Shangani
Umekimbia swali, nimeona.

#29 Dada Salenda
Mimi naomba kuuliza kitu kingine kidogo. Wanawake mliokuwa mnaenda, mlikuwa mnaruhusiwa kwenda bila kaka? Maana nyumbani kwetu sinema ya mjini ilikuwa mwiko kwa msichana, giza lile na vijana wa kupiga miluzi. Lakini Drive-in mama aliruhusu, eti kwa sababu "mko ndani ya gari". Sijui alifikiri gari lina nini 😄

#30 BintiUpanga
#29 haha! Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Gari lilikuwa nyumba, na nyumba ina baba. Safu za nyuma kabisa ndizo zilizokuwa na magari yasiyo na baba. Vioo vimejaa mvuke, spika haijachukuliwa hata kwenye nguzo. Sisi watoto tukipita kwenda chooni tunaambiwa tusitazame upande ule.

#31 Mzamiaji Mstaafu
Safu za nyuma hatukuzamia. Kule walilipa kamili, na hawakuona picha hata moja. Hao ndio wateja bora kuliko wote.

#32 Mpiga Hesabu
Turudi kwenye mada. Shangani ametoa hoja nzito #26. Kama tukiziorodhesha sinema zote zilizokufa pwani hii, za ndani na za nje, za Unguja na za bara, kitu pekee walichokumbana nacho wote kwa wakati unaokaribiana ni video. Kaseti za VHS zimeanza kuuzwa duniani 1976. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha yake mwenyewe bila kuulizwa ameipata wapi. Baada ya hapo deki zikaingia kama mvua. Kila mtaa banda la video, benchi, pazia jeusi, wimbo unasikika mpaka sokoni. Kiingilio kidogo kuliko nauli ya kwenda mjini.

Drive-in iliwahudumia wenye magari, na wenye magari ndio walionunua deki wa kwanza. Kwa hiyo kati ya sinema zote, yenyewe ilipaswa kufa ya kwanza kwa video. Hakuna haja ya Jumapili.

#33 Kitongoji
Sasa wewe unasema 1984, katazo lilikuwepo kabla ya hapo. Umejipiga mwenyewe.

#34 Mwana Msasani
Kabla ya 1984 deki zilikuwepo, tena nyingi, ila zilikuwa za kuficha. 1983, vita ya wahujumu uchumi ya Sokoine, watu walikuwa wanafukia televisheni na deki shambani kama maiti. Mjomba wangu alipewa moja aitunze na tajiri wa Oysterbay, akaiweka ndani ya mtumbwi chini ya nyavu. Tajiri alipokuja kuichukua, panya wameshakula waya.

#35 Mzee Kitabu
Halafu Kitongoji, hilo katazo lako lenyewe umeliweka bila mwaka. Ninavyokumbuka lilishika kasi baada ya vita vya Kagera, mafuta yalipopanda mara ya pili, 1979.

#36 Mzamiaji Mstaafu
Mzee Kitabu hapo sikubaliani. Mafuta yalipopanda mara ya kwanza, 1973 na 1974, nayo yalitubana, na foleni ya petroli naikumbuka kabla ya vita. Tulikuwa tunasukuma gari foleni nzima ili tusiwashe injini.

#37 Mzee Kitabu
Foleni ndiyo. Katazo la saa 8 ni baadaye.

#38 Mzamiaji Mstaafu
Mzee wewe ulikuwa unasoma magazeti, mimi nilikuwa ndani ya buti. Nani alijua zaidi habari za petroli?

#39 Chumvi Kidogo
Mwenye hoja ya buti hashindwi humu ndani.

#40 Fundi Spika
Nimeulizwa na Shangani #26 nami sikukimbia kama wengine. Majestic: mashine zile zile, vijiti vile vile, ukosefu ule ule wa fedha za kigeni. Picha ya Kihindi yenye urefu wa saa tatu ilikuja na mikanda kama 16, kila mmoja dakika kumi na kidogo. Unahitaji projekta mbili zinazopokezana. Moja ikiharibika, kila mkanda ukiisha taa zinawashwa, watu wanapiga miluzi, unabadilisha. Nimefanya kazi hivyo, usiku mzima na projekta moja, kwa sababu kipuri kidogo kama yai hakikuwepo nchi nzima. Baada ya mwezi mtazamaji harudi. Halafu mnasema video ndiyo imemvuta. Hakuvutwa, alisukumwa.

#41 Shangani
Hapo fundi nimekupa nusu. Nusu nyingine naibakisha kwa TVZ.

#42 NgaraMtaani
Na Nairobi vipuri vilikuwa. Nimesema tu.

#43 Dada Salenda
Kwani ile skrini yenyewe iliishia wapi? Ilikuwa kubwa kama ghorofa.

#44 Jicho la Tatu
Mnauliza skrini wakati majibu yako ndani ya ukuta.

#45 Mwana Msasani
Bati la Msasani halipotei, linahama paa. Nenda kijijini uangalie juu.

#46 Kijana wa Goba
Wakuu nimesoma uzi wote toka juu. Swali kwa Mzamiaji pekee. Gari mliyokuwa mnaingilia ilikuwa aina gani?

#47 Mzamiaji Mstaafu
Peugeot 404, ya bosi wa kaka.

#48 Kijana wa Goba
Peugeot 404 si ilikuwa ile ya kubebea abiria, stesheni wageni, nyuma kuna viti na vioo? Buti mlilipata wapi? Nilisema mapema hii ni chai.

#49 Fundi Spika
404 ilikuwepo na ya saluni, ina buti kubwa tu. Mwache mzee.

#50 Mpiga Hesabu
Buti kubwa la watu wawili wazima, sawa. Lakini hesabu ya #4 ni wanne wanaohesabiwa na tairi liko kwenye kiti cha abiria. Yaani dereva mmoja mbele na watatu nyuma. Mlinzi anaona kiti cha mbele kimekaliwa na kitu cha mviringo kimevaa khanga, na hasemi kitu?

#51 Mzamiaji Mstaafu
Alisema. Alisema "shikamoo mama."